Ziwa la Kulipia, Bwawa la Kunuka

Nkt! Tangazo limezunguka kwenye simu za vijana wote kuanzia Olympic hadi Kawangware 56: safari ya kupanda Mlima Kenya wikendi, kulala kando ya Ziwa Ellis. Picha yenyewe ina maji ya samawati, hema la rangi ya chungwa na msichana aliyefumba macho. Bei iko chini kabisa, kwa herufi ndogo. Ukiisoma unaelewa kwa nini amefumba macho.

Hapa beisi, kijiwe chetu kando ya Soko la Toi, tangazo hilo limezua kesi isiyo na hakimu. Mama wa chai, ambaye binti yake anataka kuingia chama cha kuchangia safari hiyo, alitoa hukumu kabla ya sukari kuyeyuka. "Nilipe pesa ndio nichoke? Mimi huchoka bure!"

Nani wa kumbishia? Kabla hajahamia huku alikaa Kawangware na kazi yake ilikuwa kufua. Alfajiri anatoka kwa miguu hadi Lavington, anaketi kando ya barabara na wenzake, wanangoja gari lisimame na dirisha lishuke. Siku nyingine dirisha halishuki, anarudi alivyokuja. Na wale wanaume wa Laini Saba wanaofuata njia ya reli kila kukicha kwenda Industrial Area kutafuta kibarua, nao ni watembeaji wa kutukuka. Hakuna aliyewahi kuwapiga picha.

Lakini kijiwe kina ubaya wake. Kikishapata neno la kuchekesha, hudhani kimemaliza hoja. Huyo binti anasuka watu nywele siku sita kwa wiki, amesimama, vidole vimejaa malengelenge. Akitaka siku mbili za kukaa mahali ambapo hakuna anayemuuliza "rasta ni pesa ngapi?", kosa lake ni lipi? Tena anayechoka kwa lazima ndiye anayestahili kupumzika kwa hiari. Mwenye bustani na kidimbwi cha kuogelea nyumbani angeweza kubaki huko huko.

Halafu kuna kichekesho kingine: hao wapanda milima tunawavalisha sisi. Ijumaa jioni watu wa Kilimani wanaegesha magari pembeni, wanainamia lundo la viatu vya mlima vilivyotoka Ulaya na kuanza kutafuta kamera, maana yake mtumba wa daraja la kwanza, ule ambao muuzaji aliutenga mapema kabla hujaamka. Jaketi la mvua hapa, soksi nzito pale, marvin ya kuzuia baridi kule. Mtu anaingia Toi na suti, anatoka tayari kwa theluji.

Mkabala na chai yupo fundi wa viatu, mtaalamu wa milima asiyewahi kupanda hata mmoja. Juzi aliletewa buti za ngozi, nzito, za kifundoni. Akachokoa soli kwa shazia, vikadondoka vikokoto vyeupe vya mlima wa watu huko Ulaya. Kisha akabonyeza kisigino kwa dole gumba. Kikabonyea, kikaacha unga mweusi kwenye ukucha. "Hii imekufa," akamwambia mteja, naye mteja akaruka: "Lakini iko mpya!" Fundi hakuinua hata uso. Kuna soli za povu ambazo huliwa polepole na unyevu zikikaa kabatini miaka bila kuvaliwa. Kwa macho kiatu ni kipya. Ukifika kwenye matope ya mlimani kinafungua mdomo, na nyumbani ni mbali. Akaing'oa yote, akaweka soli ya mpira, akapaka gundi, kisha akaanza kushona kuzunguka. "Na gundi haitoshi?" "Boss, gundi ni ya lami. Mlima unataka uzi."

Basi wajuzi wetu wakaivamia safari yenyewe. Kwanza msimu. Wageni wa Ulaya hufurika Julai na Agosti kwa sababu kwao ni majira ya joto na shule zimefungwa. Kwetu hapa ni baridi kali, makaa yanaisha upesi na kila mtu anakohoa. Hata hivyo mlimani si wakati mbaya, kwa kuwa mvua za masika zimekwisha na za vuli hazijaanza. Januari na Februari nayo ni mizuri, na wengi husema ndio wakati bora zaidi. Ukijitia ujuaji ukaenda Aprili au Novemba, ziwa utalisikia tu kwa majirani; wewe utaona ukungu.

Gari hutoka Nairobi usiku, likashika Thika Road, Embu, Chuka hadi Chogoria, kisha likaanza kupanda katikati ya msitu na mianzi mpaka geti la hifadhi. Ziwa Ellis liko zaidi ya mita 3,400 juu ya usawa wa bahari. Nairobi yetu iko karibu 1,700. Aliyelala Kibera Ijumaa akapanga kulala ziwani Jumamosi ameongeza maradufu kimo alichozoea, na mwili haujaulizwa. Hapo ndipo kichwa huanza kugonga, chakula kinakataliwa, hatua kumi zinamaliza pumzi. Vijana wa mjini hudhani ni udhaifu, wakakaza mwendo ili wasichekwe. Nkt! Dawa yake ni kwenda polepole, kunywa maji na kuteremka mara moja maumivu yakizidi, hata kama umelipa. Wanaojua hulala getini kwanza ili mwili uzoee. Usiku usipokuwa na mawingu, maji ya chupa huweza kuganda ndani ya hema. Anayetaka zaidi huendelea hadi Ziwa Michaelson, karibu mita 4,000, lililozama kwenye bonde lenye kuta za majabali. Humo ndimo Mto Nithi unamopita ukielekea Tana na hatimaye Bahari ya Hindi.

Kuna mmoja hapa akadakia kwamba hayo ni mambo ya wazungu. Nyoo! Nchi ilipopata uhuru, Desemba 1963, bendera yetu ilipandishwa kwenye kilele cha Lenana, mita 4,985, na Kisoi Munyao. Mkenya huyo hakupanda ili kupata picha ya simu. Mlima ni wetu. Binti aende, mama atoe mchango, kesi ifungwe.

Ninachosonyea mimi ni kingine, na ni mzee mmoja wa Makina aliyekifichua. Babu yake alikuwa askari wa Kinubi wa King's African Rifles, wale waliokalishwa Kibra, yaani Kibera, wakati wa mkoloni na wajukuu wao wakahangaika miongo mingi kutambuliwa kwamba ardhi ni yao. Alikuwa akisikiliza kimya, kofia imeinamia paji la uso, hadi vijana walipoanza kusifu picha. Akauliza, "Ziwa? Kwani ziwa si lilikuwa hapo chini?"

Vijana wakaangua kicheko. Mzee alikuwa anasema kweli. Bwawa la Nairobi lilijengwa mwaka 1953 kwa kuzuia mto unaoshuka kutoka upande wa Dagoretti na kupita Kibera. Lilikuwa na eneo la hekta 35 hivi, akiba ya maji na mahali pa starehe. Watu walicheza na mashua za tanga pale, wakavua samaki. Wenye mashua, bila shaka, hawakuwa watu wa Kibra. Watoto wa Makina walisimama kwenye mteremko wakihesabu matanga. Uhuru ukaja, ikaonekana zamu yetu ya kukaa ufukweni imekaribia. Ilipofika, maji hayakuwapo.

Mtaa wa Kibera uliachwa ukue bila mabomba ya majitaka. Watu wakaongezeka, vyoo vya shimo vikajaa, mvua ikisomba inafuata mteremko, na chini ya mteremko kuna bwawa. Udongo ukajaza kina. Gugu maji likashiba uchafu likafunika uso wote. Leo ukisimama upande wa Lang'ata ukatazama, utadhani ni uwanja wa mpira uliosahauliwa kufyekwa. Pale mashua zilipogeuzia, watu wamelima nduma na sukuma wiki. Kuna siku nduma hizo zimefika kwenye sahani ya mtu huko huko mjini, naye akasifu utamu wake.

Mgeni akipita huziba pua na kusema watu wa Kibera ni wachafu. Mtu ambaye choo chake hakijaunganishwa na bomba lolote amwage wapi, mfukoni? Mfereji wa majitaka hujengwa kwa bajeti, na adabu ya wakazi haina pa kuingilia.

Wala tusijidanganye kwamba maji ya milimani hayatuhusu hadi tulipe nauli. Bwawa la Ndakaini, kule Murang'a kwenye miteremko ya Aberdare, lilimalizika mwaka 1994 na lina uwezo wa kushika mita za ujazo milioni 70. Sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka huko. Mawingu ni yale yale, bwawa ni lile lile. Yakifika Lavington yanafunguliwa kwenye bomba jikoni. Yakifika Kawangware na Kibera yanapangiwa foleni kwa mtungi wa lita 20, na anayenunua kwa mtungi hulipa zaidi kwa kila lita kuliko mwenye mita ukutani. Kwa hiyo mama wa chai amekuwa akilipia ziwa la mlimani maisha yake yote. Mandhari tu ndiyo hajapewa.

Na msiniambie haiwezekani. Karura mnaijua, ule msitu wa hapa Nairobi. Miaka ya tisini ilikuwa ikikatwa vipande kama mkate wa harusi, wakubwa wanagawiana viwanja, huku watu wa kawaida wakiijua kama mahali pa kuokotwa maiti. Januari 1999 mwanamazingira Wangari Maathai alipigwa hadi akajeruhiwa kichwani kwa sababu alikwenda kupanda mche. Msitu haukuuzwa. Baadaye ukazungushiwa ua wa umeme, vijana wa mtaa wa jirani wakapewa kazi ya kuulinda, na leo watoto wanaendesha baiskeli mle ndani. Kama msitu uliokuwa wa majambazi ulifufuka, bwawa lina kosa gani? Au tatizo ni majirani zake?

Maana hata ahadi hatujanyimwa. Serikali moja hadi nyingine, tumeambiwa bwawa litasafishwa. Hufika watu wenye mabuti mapya, wanang'oa gugu mbele ya kamera, ile ya televisheni si ya Toi, kisha gugu linarudi kwa kuwa chakula chake kinaendelea kuletwa na kila mvua. Na baada ya mafuriko ya Aprili na Mei 2024 tuliona dawa ya haraka inayopendwa: tingatinga kwa waliojenga kando ya mito. Hatari ya kukaa ukingoni ni ya kweli, watu walikufa. Lakini kumwondoa aliye ukingoni bila kumwonyesha pa kwenda kunamsogeza tu hadi ukingo mwingine, na uchafu wa juu bado unashuka.

Utaratibu wa kufufua bwawa hata fundi wetu wa viatu ataueleza: huwezi kubandika soli mpya juu ya iliyooza. Bomba la majitaka kwanza, vyoo vifungwe humo, taka ziwe na siku ya kuchukuliwa. Kisha uchimbe tope. Mashua ni za mwisho kabisa.

Kwa hiyo vijana, nendeni Ziwa Ellis, mteremke salama. Halafu mwenye kutaka kura zetu akija hapa beisi na chai ya bure, mwulizeni swali moja tu: bomba la majitaka la Silanga, kando ya bwawa, litapita wapi, na litakamilika mwezi gani? Akianza habari za mashua, mkatizeni, lakini chai mmalize kwanza.