Benzi la Jumamosi: Mwongozo kwa Mjumbe wa Usafiri

Hongera kwa uteuzi. Katika kamati ya harusi ya Dar es Salaam, mwenyekiti hupewa neno la ufunguzi, mweka hazina hupewa daftari, mjumbe wa chakula hupewa kuonja, na aliyechelewa kikao cha kwanza hupewa usafiri. Usinung'unike, cheo ni kizito. Ukumbi ukiwa na joto watu watajipepea kwa kadi, na pilau likizidi chumvi watamlaumu mpishi huku wakifuata sahani ya pili. Gari la maharusi likizimika barabarani utasemwa wewe, kwa jina, mpaka mtoto wa ndoa hiyo apate kipaimara.

Kwanza elewa gari ni la nani. Ukidhani ni la maharusi, umeshapotea. Maharusi watakaa ndani, na aliye ndani ya gari halioni. Gari ni la mama mkubwa aliyetoka Moshi na kitenge kipya. Ni la majirani wa Kimara wanaochungulia juu ya ukuta, na la wenzao wa kazini waliochanga laki moja moja na wanataka kujua laki zao zimekwenda wapi. Ndiyo maana kamati itakata soda, itakata keki ya wakwe, itapunguza mpiga picha mmoja, lakini fungu la gari halitaguswa. Na ndiyo maana utachagua gari lenye vioo vya giza, asionekane aliyemo, kisha utamwagiza dereva ashushe vioo ili bibi harusi apunge mkono. Kiyoyozi kitapuliza Barabara ya Morogoro, na vumbi la barabara litaingia kwenye shela.

Baada ya hapo tafuta dalali. Mwenye gari yupo, lakini kumwendea moja kwa moja kutaokoa fedha, na fedha iliyookolewa huzua maswali kikaoni. Dalali atakutumia picha kwenye simu. Zipokee kwa shukrani, usizikodolee macho, maana ukizikodolea utaona gari limeegeshwa kwenye theluji, usukani uko kushoto na namba ni za Ujerumani.

"Ndilo hili hili, bosi wangu," atakuambia ukimpigia. "Ila letu ni la kijivu."

Wewe uliomba jeupe. Sema asante.

Wapo wajumbe wakorofi wanaokwenda kuliona gari wenyewe katikati ya juma. Wanaliwasha, wanafungua kiyoyozi na kuliacha lingurume nusu saa waone kama litachemsha. Wanaandika namba yake kwenye mkataba ili Jumamosi lije hilo hilo na si binamu yake. Wanauliza hata kama siku hiyo lina harusi nyingine. Usiwe kama hao. Gari moja linaweza kumpeleka bibi harusi wa misa ya saa 4, likamwahi wa saa 8, na wewe ukalipokea saa 10 likiwa na joto la wenzako, petali za waridi chini ya mikeka na kibao cha majina ya watu usiowajua.

Kuhusu tarehe, fuata mkumbo. Wakati wa Kwaresima Wakatoliki wengi hawafungi ndoa, magari yanalala, na wenye magari wanapokea simu kwa sauti laini. Mtu wa heshima hakodi wakati huo. Ngoja Pasaka ipite, ambapo kila aliyesubiri Kwaresima iishe anataka Benzi lile lile Jumamosi ile ile, na masika yamekolea.

Tuje kwenye aina ya gari. Chaguo la waungwana ni Mercedes-Benz S-Class. Mwaka wa kutengenezwa usikusumbue, mji huu unasoma herufi za namba. Gari lililotoka kiwandani mwaka 2007, likazeekea Japani, likashushwa bandarini juzi na kupewa namba E, hilo ni jipya. Lililonunuliwa likinukia kiwanda mwaka 2013 na kupewa namba C ni kuukuu, hata kama limekuwa likiendeshwa na sista. Jua kitu kimoja tu: S-Class nyingi hazikalii springi, zinakalia mifuko ya upepo. Mifuko ikichoka, upepo unavuja usiku, na asubuhi unakuta gari limepiga magoti kama ngamia. Fundi wa Gerezani atakuambia hilo ni jambo dogo. Atalisema saa 2 asubuhi, Jumamosi, gari likiwa juu ya jeki na yeye miguu tu ndiyo inaonekana, wakati bibi harusi ameshamaliza saluni Sinza na anauliza gari limefika wapi.

Range Rover na V8 zinakubalika pia, hasa kama bwana harusi ana hamu ya kufanana na naibu waziri. Alphard wape wakwe.

Lakini wewe ni mtu wa makubwa, na najua jicho lako limeshatua kwenye limozini.

Vizuri. Lincoln Town Car iliyorefushwa inafika mita 8 na nusu hivi. Coaster inayopakia abiria wa Mbagala haizidi mita 7. Kwa hiyo utakuwa unapitisha kwenye kichochoro cha Goba chombo kirefu kuliko daladala, kikiwa na maharusi wawili na wasimamizi wawili, tumbo likiwa karibu na ardhi, na dereva amekaa upande wa kushoto kwa sababu gari lilitengenezewa barabara za Marekani. Huko kwao liliundwa kwa kazi maalumu. Magari marefu ya namna hii yalianza mwishoni mwa miaka ya 1920 mjini Fort Smith, Arkansas, na miongoni mwa wateja wake wa mwanzo walikuwa wanamuziki wa bendi waliosafiri mji kwa mji na ala zao. Sisi tumerekebisha mpango huo. Watu wa matarumbeta, na ngoma lao kubwa, tumewarundika nyuma ya Kirikuu, wameshikana viuno wasianguke. Maharusi, wasio na hata filimbi, tumewapa gari la bendi.

Kisha linakuja tuta. Gari la kawaida hupanda tuta kwa matairi ya mbele, likashuka, nyuma yakafuata, habari ikaisha. Limozini ikishashusha ya mbele, tumbo linakaa juu ya tuta, na matairi ya nyuma bado yako kwa jirani. Dereva atazima muziki. Atashuka, atainama, atachungulia, atasonya. Ataomba wasimamizi washuke kupunguza uzito. Haitoshi. Atamwomba bwana harusi, kwa unyenyekevu, "mheshimiwa, kidogo tu." Vijana wa bodaboda, ambao mpaka hapo walikuwa kero ya msafara kwa kuendesha kwa tairi moja, wanageuka ghafla kuwa kamati mpya ya usafiri: huyu ameleta ubao, yule tofali, wa tatu anarekodi. "Kata kulia mzee! Rudi! Hapo hapo! Basi, basi, basiii!" Bibi harusi peke yake haruhusiwi kushuka, maana kuna tope na viatu ni vyeupe. Ataketi humo mbele ya kijibaa chenye taa za bluu na glasi tupu, akisikia bati likikwaruza chini ya miguu yake. Matarumbeta hayatasimama. Yatapiga wimbo ule ule mpaka ubao uingie vizuri, kwa sababu wapigaji wamelipwa kwa saa.

Sasa mkataba. Mkataba mzuri ni wa mdomo. Ukiandika, utalazimika kutaja mambo yasiyopendeza, kama vile mafuta ni juu ya nani. EWURA hutangaza bei kikomo za mafuta Jumatano ya kwanza ya kila mwezi. Harusi yako ikiwa Jumamosi inayofuata, tegemea simu ya dalali Alhamisi asubuhi, akianza na "shikamoo" hata kama umri wenu ni mmoja. Pia utalazimika kutaja saa. Gari hukodishwa kwa saa na harusi huendeshwa kwa hisia. Kadi imesema ukumbini saa 12 jioni, nawe unajua, na kamati nzima inajua, kwamba maharusi wataingia saa 3. Nyamaza. Saa 4 usiku dereva atakutafuta nyuma ya meza ya keki.

"Bosi, mimi nimeagizwa mpaka saa 4."

"Kaka yangu, keki yenyewe bado haijakatwa."

"Nawaombea heri na keki, bosi. Ila saa ya ziada inalipwa kabla."

Hapo ndipo utakumbuka kwamba hukumtengea dereva kadi ya kuingilia. Ameketi nje tangu jioni, ndani ya suti nyeusi, akisikiliza mshereheshaji akitangaza kuku. Mtu aliyeshiba huongeza nusu saa bila kuisemea, na sahani moja ya pilau ingekuwa nafuu kuliko saa ya ziada. Lakini sahani ni za mjumbe wa chakula, na ninyi wawili hamjasalimiana tangu kikao cha pili.

Msafara haunihitaji sana, unajiendesha wenyewe. Namba ya gari itafunikwa kwa kibao cha majina ya maharusi, na askari ambaye siku nyingine angekuuliza bima na kizima moto atatabasamu, na pengine atakusimamishia magari ya upande wa pili. Mpiga video atakaa kwenye buti la Noah iliyo mbele, mlango wazi, miguu inaning'inia, akiwaonyesha maharusi kwa kidole waangaliane. Mjomba fulani atashauri mwingie njia ya mwendokasi ili kuukwepa msongamano wa Magomeni. Mkatalie kwa heshima, mwambie ni wazo zuri sana. Mapambo ya boneti waachie akina dada, ila kagua wametumia nini kubandikia. Gundi ya karatasi ikikaa juani kutwa nzima hubanduka na rangi, na rangi ya Benzi hulipwa kwa milioni, nje ya bajeti, nawe ndiye uliyelikodi.

Muhimu kuliko yote ni buti. Asubuhi, katika haraka ya kutoka saluni, mtu alilitia humo sanduku la bibi harusi: nguo za kubadilisha, dawa zake, chaja na viatu vya chini. Hakuna atakayelikumbuka wakati wa kukata keki, wala wakati wa zawadi. Litakumbukwa saa 7 usiku, maharusi wakiwa wameshafika hotelini kwa Bajaji kwa sababu saa za gari ziliisha, na gari lenyewe liko Chalinze, limelala mlangoni kwa watu wenye misa ya asubuhi. Simu ya dereva itakuwa haipatikani. Ya dalali itapatikana.

"Bosi wangu, hilo gari si liko hapa hapa jirani? Nipe dakika 5."