Moshi, Msema Kweli wa Nyuma ya Gari

Washairi wa pwani wameusifu mnazi kuanzia mzizi hadi kuti, na waliobaki wakagawana mwezi, asmini na macho ya mpenzi. Moshi wa ekzosi haukuachiwa hata ubeti mmoja. Ukitokea, watu huziba pua, trafiki hunyanyua mkono, na abiria wa bodaboda aliye nyuma yako hukutukana kwa ishara kwa kuwa mdomo ameufunga. Leo namtetea yatima huyu. Katika biashara nzima ya magari ya mtumba, kwa dalali, kwa muuza spea na kwa mafundi walio wengi, sijakutana na mwingine anayesema kweli bila kuomba ya soda.

Gari langu nililinunua saa saba mchana. Saa hiyo ina maana yake. Dalali alizimwaga sifa zote alizozikariri: namba D, mmiliki mmoja, tena mama mtu mzima, fulu kipupwe, injini haijawahi kufunguliwa. "Kaka, hii ni kuwasha na kuondoka. Tangu jana haijaguswa, imekaa tu inakusubiri." Nikaegemea boneti huku namsikiliza, likaniunguza kiwiko. Nikadhani ni jua.

Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi nikaliwasha nyumbani. Likatoka wingu la buluu, zito, lenye heshima zake, likapanda polepole bila haraka ya kwenda popote, kisha likatua juu ya kamba ya nguo za mama mwenye nyumba. Alitoka na kanga begani akatazama nguo, akatazama gari, akanitazama mimi. "Baba, unachoma taka au ndo hilo gari jipya?" Baada ya dakika mbili wingu likakatika, ekzosi ikawa safi kama ya gari la mkuu wa mkoa. Dakika mbili hizo zilinieleza kile ambacho dalali hakunieleza kwa saa nzima, na sikulipa hata senti. Nililipa baadaye, lakini hilo halikuwa kosa la moshi.

Nilianza kwa kuudharau, kama wanavyodharauliwa wasema kweli wote wasio na kitambulisho shingoni. Nikaenda gereji moja yenye sakafu ya vigae na kijana mwenye kompyuta. Akachomeka waya chini ya usukani, akasubiri, akasoma, akatikisa kichwa: mashine haioni tatizo lolote, taa ya cheki injini haijawaka, gari zima. Nikalipa ada ya kuambiwa kwamba nilichokiona hakipo. Kumbe kijana hakudanganya. Mashine ile husoma vile tu vilivyofungwa sensa, na kipande cha mpira kilichokakamaa kwa uzee ndani ya injini hakina sensa. Msemaji wake pekee ni moshi.

Aliyenifundisha adabu ya kuusikiliza ni mzee mmoja mwenye gereji chini ya mwembe. Nilipompa shikamoo akaitikia marahaba bila kuinua macho, akauliza swali moja tu: "Unatoka ukiwasha asubuhi, au unatoka ukikanyaga mafuta?" Asubuhi, nikasema. "Acha gari hapa ilale. Njoo kesho alfajiri, na asiiguse mtu."

Alfajiri nilimkuta amesimama nyuma ya gari, mikono kiunoni, kama mtu anayempokea mgeni stendi. Nikawasha. Wingu likamfikia usoni naye hakurudi nyuma. Akavuta pumzi kidogo ya puani, kama mpishi anayefunua sufuria ya pilau. Kisha akaweka kipande cha karatasi nyeupe mbele ya ekzosi, akakihesabia taratibu, akakigeuza. Kilikuwa na vitone vidogo vya mafuta vinavyong'aa. Akaingiza kidole kwenye mdomo wa bomba kikatoka cheusi chenye utelezi. "Masizi makavu ni petroli imezidi. Haya yana mafuta. Injini inakunywa oili." Akafungua kifuniko cha kujazia oili huku injini inaunguruma, akatega kiganja juu ya tundu. "Haipumui sana. Ringi zako zina afadhali. Ni vali sili."

Hapo ndipo nilipoijua fasihi ya moshi wa buluu. Kila vali ya injini ina kofia ndogo ya mpira inayozuia oili isiteremke kwenye fimbo yake. Injini ya silinda nne yenye vali 16 ina kofia 16. Joto na miaka huzikausha zikawa ngumu kama gamba. Gari likilala, oili huchuruzika tone kwa tone hadi kwenye chumba cha kuunguzia, na asubuhi cheche ya kwanza huichoma yote kwa mkupuo. Ikiisha, moshi umeisha. Ndiyo maana madalali hupenda wateja wa saa saba mchana, na ndiyo maana boneti lile liliniunguza kiwiko. Ringi za pistoni zikiisha mambo ni mengine: moshi hautoki kwa salamu ya asubuhi tu, unatoka kila ukikanyaga mafuta, na injini inapumua kupitia kifuniko cha oili kama mzee aliyepanda ngazi. Kosa moja dawa yake ni siku ya kazi, la pili ni kufungua injini yote na kuuza kiwanja. Rangi ni ileile. Kinachotofautisha ni saa ya kutoka. Mwambieni mshairi yeyote aniletee ua linalosema mambo mawili kwa rangi moja.

Kwa asiye na muda wa kungoja alfajiri, upo mlima Kitonga, hospitali kuu ya rufaa ya vali sili. Shuka kutoka upande wa Iringa, gia imeishikilia injini, mguu umetoka kwenye mafuta. Injini ya petroli ikibanwa hivyo hufyonza kwa nguvu, na sili zilizochoka huruhusu oili ipite. Ukifika bondeni ukakanyaga mafuta uelekee kwenye vitunguu vya Ruaha Mbuyuni, tazama kioo cha nyuma. Kama huoni lori lililokuwa nyuma yako, umeshapata majibu.

Nisiwe mchoyo, nieleze na tiba, kwa kuwa uzuri wa jambo haukuishia kwenye moshi. Nilitegemea mzee atang'oa hedi. Badala yake aling'oa plagi ya silinda ya kwanza, akaizungusha injini kwa spana mpaka pistoni ikashuka kidogo, kisha akaanza kuingiza kamba ya pamba kwenye tundu la plagi. Kamba safi, ndefu, aliyoisukuma kwa bisibisi butu kama mtu anayejaza mto, ncha ameiacha nje. Akazungusha tena. Pistoni ikapanda, ikaikandamiza kamba juu, na kamba ikazishikilia vali zisidondoke ndani. Ndipo akabana springi kutoka juu, akaondoa vishikizo vyake, akachomoa kofia kuukuu kwa koleo na kuvisha mpya. Kofia kuukuu niliikunja kwa vidole, ikavunjika kama ukoko. Silinda nne, kamba moja, hedi haikunyanyuka. Kule kwenye vigae wangenifungulia faili.

Maadui wa moshi wapo, na silaha yao kubwa ni oili nzito. Muuzaji humwaga oili ya kawaida, akajaza SAE 50 au chupa ya dawa inayofanana na asali. Uzito huo hupita kwa shida kwenye sili na ringi zilizochoka, na gari hunyamaza kwa siku kadhaa. Ni kumziba mdomo shahidi mpaka kesi iishe. Lakini pendo na kikohozi havifichiki, na mimi naongeza cha tatu: injini inayokula oili. Chomoa kijiti cha oili, kidondoshee tone kwenye karatasi. Likikaa kama kamasi, kataa chai uliyokaribishwa na uondoke.

Moshi mweusi hauna mafumbo ya ndugu yake. Ni bwana mkarimu. Mafuta yamezidi hewa, basi, na yaliyoshindwa kuungua yanagawiwa bure kwa ndege wa angani. Chujio la hewa limejaa vumbi la barabara ya mchepuko, nozeli inavuja badala ya kunyunyiza, sensa imepofuka na injini inajazwa kama mgeni asiyejua kusema nimeshiba. Kwenye lori la dizeli lililozidishwa mzigo, linapopanda Kitonga kwa mwendo wa maiti, ukarimu huo hufunika kona nzima. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA hutangaza bei kikomo za mafuta nasi tunaguna. Mwenye gari la moshi mweusi huguna na sisi, kisha anakwenda kujaza tangi na kuyapeleka mawinguni. Chujio jipya la hewa mara nyingi ni bei ya chini kuliko lita chache za anachokipeperusha kila wiki. Sadaka, hata hivyo, haihojiwi. Na enzi za uchakachuaji, kabla serikali haijapandisha ushuru wa mafuta ya taa mwaka 2011 ili kuondoa faida ya kuyachanganya na mafuta ya magari, moshi na harufu yake ndivyo vilivyotulalamikia hadharani, sisi tukiwa tumekalia risiti.

Mweupe ndio wenye kuonewa zaidi. Nenda Makambako mwezi wa saba, asubuhi, utaona kila gari stendi linafuka moshi mweupe, na kila mgeni kutoka Dar es Salaam anampigia simu fundi wake akidhani gasketi imeungua. Maskini, ni mvuke. Petroli ikiungua huzaa maji, na kila lita moja ya petroli hutoa karibu lita moja ya maji, ambayo kwenye baridi huonekana na hata kudondoka kutoka kwenye bomba. Injini ikipata moto hupotea. Anayefaa kuogopwa ni mweupe asiyekatika hata saa sita mchana, na maji ya rejeta yanapungua bila kuonekana yanapovujia. Huyo anatoka kwenye gasketi ya hedi iliyoungua, au hedi iliyopinda kwa sababu mtu aliendesha na mshale wa joto umefika juu akisema nitafika tu.

Kwa maumbile yake moshi huo hunukia utamu, kwa sababu kulanti ina ethileni glikoli, ambayo ni sumu yenye ladha tamu. Sisi tumeunyima manukato yake. Rejeta zetu tunazijaza maji ya bomba, na mwenye haraka maji ya mtaro, kisha tunashangaa moshi hautupi harufu ya kutuonya. Inabidi ukaulize majirani zake: fungua kifuniko cha rejeta, injini ikiwa baridi, nasisitiza baridi, uwashe na utazame kama maji yanatoa mapovu mfululizo. Tazama na oili. Ikigeuka rangi ya chai ya maziwa, kila fundi anajua kinachofuata, na hakuna aliyewahi kuitamani chai hiyo.

Nimeulizwa kama simpendi mno huyu mchafuzi, nami najua anachafua. Lakini tumtazame asiyeonekana. Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, na humuua mtu aliyelala ndani ya gari linalounguruma kwenye banda lililofungwa, bila hata kumkohoza. Na Septemba 2015 mamlaka ya mazingira ya Marekani ilipotangaza kwamba magari ya dizeli ya Volkswagen yalikuwa na programu inayotambua kwamba gari linapimwa, ikapunguza hewa chafu kwenye kipimo na kuiachia barabarani, ekzosi za magari hayo zilikuwa hazifuki kitu cha kumtia mtu shaka. Kampuni ilikiri kwamba yalikuwa karibu milioni 11 duniani. Wataalamu walihitaji vyombo vya kufunga nyuma ya gari likiwa safarini ili kuyabaini. Gari langu lilihitaji mama mwenye nyumba na kanga.

Tangu ile kamba ya pamba, gari limenyamaza. Kila asubuhi nalizunguka nyuma, nasimama kama alivyosimama mzee, na sipati kitu. Mwezi uliopita nikaamua kuliuza. Nikamwita mnunuzi asubuhi mapema, injini baridi, boneti kama jiwe la kisimani. Akaja, akashika boneti kwanza. Nikajua huyu naye aliwahi kuungua kiwiko. Nikawasha. Akaenda nyuma, akainama, akanusa, akangoja. Akaingiza kidole kwenye ekzosi, kikatoka na kivumbi cha kijivu, kikavu. Uso wake ukabadilika.

"Halitoi hata kidogo?"

"Hata kidogo, kaka."

"Gari la miaka hii yote?" Akachomoa kijiti cha oili, akakiinua kwenye mwanga, akalitazama tone muda mrefu kuliko nilivyowahi kuitazama hati ya ndoa yangu. "Humu mmeweka nini?"

Nikamsimulia habari za kamba. Akanisikiliza kwa upole ule ambao mimi nilimsikilizia dalali. Amesema atarudi Jumamosi alfajiri na fundi wake. Nimemwambia aje. Ufunguo nimempa mama mwenye nyumba, asiliguse mtu mpaka wafike.