Sifa za Chombo Kisichotii Usukani

Wengine husifu chombo kinachofika kwa wakati. Mimi nakisifu TARDIS, chombo cha Daktari, msafiri wa anga na wakati katika tamthilia ya Doctor Who ya BBC, kwa sababu hakifiki kinakotumwa. Tangu Novemba 23, 1963, tamthilia hiyo iliporushwa mara ya kwanza Uingereza, ubovu huu umezaa hadithi nyingi kuliko mwandishi yeyote, na shukrani zake zimechelewa.

Watazame walimu wawili, Ian Chesterton na Barbara Wright. Walimfuata mwanafunzi wao hadi kwenye uwanja wa vyuma chakavu London, wakaingia ndani ya kibanda cha polisi, kumbe ndiyo TARDIS, wakaibukia Enzi ya Mawe. Tangu hapo walitaka kurudi kwao tu. Chombo kikawapeleka sayari ya Skaro, kwa maadui waitwao Dalek. Kikawapeleka kwa Marco Polo. Kikawapeleka kwa Waazteki, ambako Barbara alidhaniwa kuwa mungu. Safari moja Daktari alishikilia kwamba sasa wamefika Uingereza, kumbe wako Ufaransa ya mapinduzi, gilotini ikifanya kazi. London ya wakati wao waliiona tena mwaka 1965, na hata hapo kwa chombo cha Dalek. Chombo kitiifu kingewarudisha mapema, na sisi tusingekuwa na la kusimuliana.

Mwaka 1976 msafiri mwenza wa Daktari, Sarah Jane Smith, aliteremshwa akiamini amefikishwa kwao Croydon. Mwaka 2006 tukaambiwa kwamba ile ilikuwa Aberdeen, Scotland. Mwaka 2005 msafiri mwenza mwingine, Rose Tyler, alirudishwa kwa mama yake, Daktari akihesabu kwamba zimepita saa 12. Ilikuwa miezi 12, na matangazo ya binti aliyepotea yalikuwa yamebandikwa mtaani. Mama alimzaba Daktari kofi, na lilikuwa haki yake. Bila kosa lile la tarehe, tusingeona safari ya nyota inamgharimu nini anayebaki jikoni akisubiri simu.

Hata sura ya chombo ni zawadi ya ubovu. Kilitakiwa kijigeuze kifanane na mahali kilipotua, lakini kifaa cha kukigeuza kiliharibika mapema, jambo lililowaokoa watengenezaji na gharama ya kujenga umbo jipya kila mara. Vibanda halisi vya polisi vimetoweka karibu vyote mitaani London. Kilichoshindwa kujificha ndicho kinachotambulika, hata mwaka 2002 BBC ikawashinda polisi wa London katika shauri la nani ana haki ya kukisajili kama alama yake ya biashara.

Katika kipindi cha mwaka 2011 kilichoandikwa na Neil Gaiman, TARDIS inapata mwili wa mwanamke na kumweleza Daktari kwamba siku zote ilimpeleka alikohitaji kwenda. Naliamini neno hilo hata nje ya televisheni. Basi likiharibika njiani, abiria waliokaa kimya tangu alfajiri huanza kuulizana majina, kugawana maji na kumbebea mama mzazi mtoto wake. Ratiba haikuwa na nafasi ya hayo.

Kwa hiyo nawaomba waandishi watakaokirithi chombo hiki: wabadilishe waigizaji, wabadilishe sayari na maadui, lakini usukani wasiutengeneze.