Wajukuu Wasiguse: Kumchezesha Nkambo Baada ya Kiharusi

Kwanza, wafukuze wajukuu sebuleni. Miwani ya uhalisia mseto ikiingia katika lupango lolote la Karavia, hapa Lubumbashi, kila mtu ataanza kulalamika kwamba bega linamuuma. Aliyepatwa na kiharusi ni nkambo. Zamu ni yake.

Mketishe kwenye kiti imara, mbabula iondolewe karibu naye. Chagua miwani isiyomficha nyumba yake. Meta Quest 3, iliyotoka mwaka 2023, ina kamera zinazomwonyesha meza yake halisi, kisha mchezo unaning'iniza mpira wa kubuni juu yake. Miwani ina uzito wa zaidi ya nusu kilo. Shingo ikichoka, mvue.

Usimwahidi kwamba miwani inaponya. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2017 yalikusanya majaribio 72 yenye washiriki 2,470 waliopata kiharusi. Kwa mkono, michezo ya uhalisia pepe haikuyashinda mazoezi ya kawaida. Faida ilionekana ilipoongezwa juu ya mazoezi hayo, mgonjwa akapata muda mwingi zaidi wa kujinyoosha. Ndiyo maana naitetea: ubongo hujifunza upya kwa kurudia, na nani anapenda kuinua mkono mara mia akitazama ukuta? Mpe nkambo mpira wa kudaka na alama za kumpita jirani, ataomba tena.

Mwenye amri abaki kine, mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Yeye ndiye anayeamua mpira uwe juu kiasi gani, na kwa simu ya video ataona jambo lisiloonekana kwenye alama: nkambo anaiba. Anainama kiwiliwili kizima ili mkono ufike. Usimtetee, mwambie arudishe mgongo kwenye kiti. Kizunguzungu au maumivu ya bega yakianza, mchezo usimame. Mdomo ukipinda au maneno yakikwama, mkimbize hospitali.

Umeme ukirudi saa nane usiku, amka uchaji betri ya miwani. Betri nyingi za namna hiyo zina kobalti, na sehemu kubwa ya kobalti ya dunia hutoka Kongo, katika ukanda huu wa Katanga ya zamani. Wazee wetu wana haki ya kufikiwa na tiba inayotegemea udongo wao.

Jioni, usimtumie kine alama peke yake. Mwandikie kama nkambo amefunga kitenge mwenyewe, na bukari ameimega kwa mkono upi. Akitaka kupandisha mpira, apandishe kwa majibu hayo.