Tovuti ya Tiketi za Ndege: Mwongozo wa Kumtajirisha Dada wa Kariakoo

Hongera, bosi. Mkopo umetoka, kijana wa kompyuta amepatikana, na jina la kampuni lina "Fly" na "Safari" yaliyogandishwa pamoja bila nafasi. Imebaki tovuti yenyewe, na hapo ndipo mwongozo huu unapokupokea.

Kwanza mjue mshindani wako. Si Expedia, iliyoanzishwa na Microsoft mwaka 1996, wala si Skyscanner ya kule Edinburgh. Hao hata hawajui kama upo. Mshindani wako amekaa ghorofani Kariakoo, kwenye chumba cha feni moja, kalenda ya shirika la ndege ukutani, simu mbili mezani na moja kioo kimepasuka. Wateja wote humwita dada, hata wazee waliomzidi miaka ishirini. Hana tovuti, hana nembo, hana "dira na dhamira". Ana WhatsApp. Fuata mwongozo huu kwa uaminifu, na mwaka hautaisha kabla dada hajanunua kiwanja Kigamboni.

Anza na fomu. Weka orodha ya nchi inayoanzia Afghanistan, na Tanzania uifiche kwenye herufi U, kwa kuwa orodha uliyonakili inaitambua kwa jina lake rasmi la Kiingereza. Lazimisha postikodi. Ni kweli kwamba mwaka 2022 serikali iliendesha operesheni ya anwani za makazi na vibao vikasimikwa mitaani, lakini muulize mtu wa Mbagala postikodi yake uone atakavyokutazama. Ataandika 00000. Mkatalie kwa maandishi mekundu.

Kisha jina. Hapa ndipo pa kuwapatia Wasukuma. Mtu anaitwa Ng'wandu. Tovuti imwambie jina lake lina herufi isiyokubalika. Ajaribu tena na tena mpaka ajiulize asiyekubalika ni yeye au ni babu yake. Mitambo ya mashirika ya ndege haina haja na alama ile. NGWANDU inatosha, na ndivyo tiketi zinavyotoka. Kijana wako angeweza kuiondoa kimyakimya kwa mstari mmoja wa msimbo. Mkataze. Na tiketi ikitoka imeandikwa MWAKYUSA/NEEMAMRS, usimweleze Neema kwamba huo ndio mwandiko wa mitambo, ukoo mbele na cheo kimenatishwa nyuma. Mwache akeshe akiamini kwamba uhamiaji watamrudisha. Dada yeye huomba picha ya pasi ya kusafiria, akaandika mwenyewe, yakaisha.

Kwenye kisanduku cha "unatoka wapi", mtu akiandika Moshi mjibu kuwa hakuna matokeo. Akiandika Arusha mpe ARK, kiwanja kidogo cha Kisongo, na usimtajie kabisa JRO, yaani KIA, alikokuwa akikusudia. Anayekwenda Pemba mchanganyie PMA ya kisiwani kwetu na POL, ambayo ni Pemba ya Msumbiji. Usidhani natania. Mwaka 2002 vijana wawili wa Kiingereza walikata tiketi ya Sydney wakajikuta Sydney ya Nova Scotia, Kanada, na habari yao ikazunguka dunia. Matangazo ya namna ile hayanunuliki.

Sasa saa, na hapa sitapita haraka, maana sijaona mahali tovuti za ndege zinapowaliza watu wetu kama hapa. Ndege kadhaa za kimataifa huondoka Dar usiku wa manane. Tiketi inasema Jumatano, 00:50. Tovuti yako iandike hivyohivyo, kavu, bila neno la ziada. Mhasibu kijana mwenye shahada mbili ataisoma, Jumatano atakwenda kazini, jioni ataagwa na wenzake, atapiga picha na sanduku, na atafika uwanjani saa tatu na nusu usiku, ndege ikiwa imeondoka saa ishirini zilizopita. Ajabu ni kwamba bibi yake asingechelewa. Bibi anahesabu siku kuanzia magharibi, kwa hiyo usiku wa Jumatano kwake ni ule unaoingia Jumanne jua likizama. Ni sisi tuliosomeshwa tunaoachwa.

Usiishie hapo. Ndege ya Mwanza ya 07:00 iache hivyo, 07:00, ili atakayeisoma kwa haraka aje saa saba mchana akiwa ameshakula. Ungeweza kuandika "saa 1:00 asubuhi", lakini wawekezaji wangesema tovuti haina hadhi ya kimataifa. Wala usitaje jengo. Tangu Jengo la Tatu la Abiria lianze kazi pale Uwanja wa Julius Nyerere mwaka 2019, wapo wanaoshushwa na teksi kwenye la Pili, na wewe usiwanyime mazoezi hayo. Ujumbe wa dada kwa yule mhasibu ungesomeka hivi: "JUMANNE saa 3 na nusu USIKU uwe uwanjani. Sio Jumatano. JUMANNE. Jengo la Tatu. Nijibu kama umeelewa." Asipojibu, anapiga.

Twende kwenye bei, penye sanaa hasa. Kanuni ni moja: bei ya mbele na bei ya nyuma zisifahamiane. Mbele weka "kuanzia", kwa herufi ambazo fundi saa angehitaji lenzi kuziona, na kodi uzihifadhi kwa ukurasa wa mwisho. Fastjet ilipoanza kuruka Tanzania Novemba 2012 ilinadi nauli kuanzia shilingi 32,000 kabla ya kodi, na angalau hayo maneno "kabla ya kodi" yalitamkwa. Wewe usiyatamke. Ulaya wana kanuni tangu 2008 inayotaka bei kamili ionekane mwanzo hadi mwisho, na nyongeza zote mteja azichague mwenyewe badala ya kukuta zimeshawekwa tiki. Marekani nao wakabana matangazo ya nauli mwaka 2012. Bahati yako huruki kwa watu wanaosoma kanuni.

Kwa hiyo weka tiki za bima, za kiti cha dirishani, za ujumbe mfupi wa kukumbushwa na za mchango wa kupanda miti. Kuhusu bima, jifunze kwa Ryanair ya Ayalandi. Kwao ilifika mahali abiria asiyetaka bima alitakiwa kufungua orodha ya nchi anakoishi, na humo ndani, kati ya Latvia na Lithuania, akute chaguo la kusema haihitaji. Italia wakawatoza faini mwaka 2014. Kwa Kiswahili kazi ni rahisi zaidi: "Sihitaji bima" inakaa vizuri kabisa kati ya Sierra Leone na Singapore, na alfabeti itakutetea mahakamani.

Halafu watie watu hofu. Mwaka 2019 mtafiti mmoja wa usalama wa kompyuta alichungulia msimbo wa tovuti ya OneTravel, akakuta ile idadi ya "watu wanaoangalia ndege hii sasa hivi" inaokotwa na kompyuta kwa bahati nasibu, popote kati ya 28 na 45. Nakili, ila uwe na kiasi. Ukitangaza kuwa watu 41 wanagombea Cessna Caravan ya kwenda Mafia, inayobeba abiria 12 au 13, mteja anayeijua Mafia atacheka, na anayecheka hanunui.

Usione haya kwa yote hayo. Biashara yenyewe imekonda. Kamisheni ya zamani ilikwisha kuzikwa. Delta iliifuta kamisheni ya msingi ya mawakala wa Marekani mwaka 2002, wengine wakafuata, na tangu hapo tovuti hula kwenye ada, bima, viti na mizigo. Dada anayajua haya vilevile. Anataja bei, kisha anasema, "na yangu humo humo." Mnamalizana hapo hapo, bila Sierra Leone.

Malipo. Pokea kadi tu, na kwa dola. Hata Dar kwenda Dodoma, dola. Kanuni za Machi 2025 zimekataza kunadi huduma za ndani kwa fedha za kigeni, lakini seva yako iko Ulaya na haisomi Gazeti la Serikali. Mpe mteja dakika kumi na tano, na saa nyekundu ikihesabu kurudi nyuma. Benki itamtumia namba ya siri dakika ya kumi na sita. Kabla ya hapo mthibitishe kuwa si roboti: mwoneshe picha tisa achague zenye mabomba mekundu ya zimamoto ya kando ya barabara, yale ya mitaa ya Marekani, ambayo mtu wa Tandika hajawahi kupishana nayo. Ukishinikizwa sana kuweka M-Pesa, iweke, lakini iwe aina ile ambayo pesa inakatwa na tiketi haitoki, na ukurasa unaandika "inachakatwa" hadi bando liishe. Abiria ataingia *150*00# kuangalia salio na kuthibitisha kwamba kweli imekwenda. Dada anatumiwa skrinishoti ya muamala, anajibu "nimepokea", na PDF inafuata. Akikuamini, unalipa nusu leo na nusu mshahara ukitoka, kwa sababu anajua kuishikilia nafasi hadi siku ya mwisho ambayo shirika limeruhusu.

Anaishikilia vipi? Hiki ni kitu ambacho wawekezaji wako hawatakiamini. Nyuma ya tovuti yako na nyuma ya meza yake kuna mitambo ileile mikubwa. Mmojawapo, Sabre, chimbuko lake ni mazungumzo ya bahati ndani ya ndege mwaka 1953, kati ya C. R. Smith, mkuu wa American Airlines, na R. Blair Smith, muuzaji wa IBM. Mwingine, Amadeus, uliundwa mwaka 1987 na Air France, Iberia, Lufthansa na SAS. Mteja wako anatazama kindege kikizunguka kwenye kioo. Dada anaandika AN15DECDARDXB, anabonyeza, na ndege zote za Dar kwenda Dubai za tarehe 15 Desemba zinajipanga mbele yake, pamoja na herufi za madaraja ya nauli na viti vilivyobaki katika kila daraja. Ndiyo maana anaweza kukwambia ukisogeza safari siku moja nauli itashuka. Tovuti yako nayo inaziona herufi hizohizo. Ichague kunyamaza.

Mizigo iandike "1PC" na usieleze lolote. Mfanyabiashara wa Guangzhou atajua maana yake kaunta, akiwa na mabegi mawili, yote yamefungwa kwa kamba.

Kutangaza si kazi kubwa. Tafuta picha ya familia ya Kizungu inayocheka ikiwa na sanduku la buluu. Hakuna picha nyingine inayoruhusiwa. Mlipe msanii apige picha kwenye ngazi ya ndege ambayo hakupanda. Tangaza punguzo la asilimia 70 kutoka bei ambayo haijawahi kuuzwa. Endesha shindano la tiketi ya Dubai, watu watagi marafiki watano, kisha mshindi awe na akaunti iliyofunguliwa jana. Maoni ya wateja yaandikeni wenyewe ofisini siku ya Ijumaa, ila mkumbushe kijana wako asisifu huduma ya safari za Iringa kwa tarehe ambayo tovuti ilikuwa haijazinduliwa. Dada hatangazi. Akimfikisha mama wa mtu Muscat salama, msiba ujao, harusi ijayo na hija ijayo za ukoo ule ni zake.

Baada ya kuuza, potea. Shirika likibadilisha saa ya ndege, taarifa hutumwa kwa anwani iliyowekwa kwenye nafasi ile. Weka ya kwako, ile isiyopokea barua, ili taarifa ifike pale na ibaki pale. Simu ya huduma kwa wateja iwe roboti anayeitwa Zawadi, anayejibu kila swali kwa kukutakia safari njema. Anayeomba kurejeshewa nauli mpe fomu, na fomu hiyo idai postikodi.

Miezi ikipita na mauzo yakigoma, wawekezaji watataka mkakati. Hapo mfuate dada Kariakoo na umwajiri. Mpe kiyoyozi, kadi ya shingoni na cheo kirefu chenye neno "uzoefu" ndani yake. Atakubali, kwa sharti la kubaki na namba yake ya simu. Wiki ya pili utaona mauzo yamepanda, na grafu utaipeleka mwenyewe kwenye kikao cha bodi, ukieleza kuwa ni matunda ya ile rangi mpya ya kitufe cha kulipia. Kijana wa kompyuta atakunong'oneza kwamba hakuna aliyekibofya kitufe hicho tangu Jumatatu. Mwambie anyamaze, na kama anasafiri sikukuu, amuone dada mapema.