L, R na Foleni ya Kahawa

Huku Karagwe na Kyerwa herufi L na R hazina ugomvi, mpaka kompyuta iingie katikati. Mtu ni Mutalemwa kwenye cheti cha ubatizo, Mutaremwa kwenye kadi ya kupigia kura, na kwenye daftari la kahawa ameandikwa kutegemea karani aliamkaje siku hiyo.

Chama cha msingi kilichoniita (sikitaji, bado kina pesa yangu) kilikuwa na kumbukumbu za wakulima tangu kabla ya Kyerwa kumegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Fundi aliyenitangulia alikuwa ameliona suala la L na R, akalimaliza kivyake: karani akitafuta jina, programu ilipitia wakulima wote, mmoja mmoja, ikayafanya majina yao kuwa herufi ndogo, ikageuza kila L kuwa R, ndipo ilinganishe. Faharasa ya majina ilikuwepo, tena safi. Lakini ilipangwa kwa majina yalivyoandikwa, na swali lilihusu majina yaliyokwisha kugeuzwa. Ikakaa kama mjumbe wa bodi anayehudhuria vikao vyote bila kuulizwa neno.

Siku ya malipo foleni ilitoka mlangoni ikafika kwenye maturubai ya kuanikia. Mzee mmoja aliyekalia gunia la maganda akaniita. "Mwanangu, hiyo mashine inatafuta jina langu au inanitafutia mke?"

Dawa yenyewe ni fupi. Kanzidata yao ilikuwa PostgreSQL, ambayo tangu toleo la 12 la mwaka 2019 inakubali safu inayojikokotoa na kuhifadhiwa. Nikaongeza safu ya jina lililogeuzwa, nikaiwekea faharasa. Kazi ya kugeuza sasa hufanyika mara moja, mkulima anapoandikishwa, badala ya kurudiwa kwa watu wote kila karani anapobonyeza. Nafasi kidogo ya diski inaliwa, nani analia?

Mwenyekiti akanogewa. Akataka na safu ya siku ambazo mkulima amekaa bila kulipwa, nayo iwe na faharasa. Kanzidata ikagoma: safu ya aina hiyo haiwezi kutegemea tarehe ya leo, maana jibu lililo kweli leo, kesho ni uongo. Nikamwonyesha njia nyingine, tuweke faharasa kwenye tarehe ya kupokea kahawa, kisha tuulize mizigo iliyopokelewa kabla ya tarehe fulani. Mzee wa gunia, aliyekuwa akisikiliza dirishani, akasema hicho ndicho kitu cha kwanza humu ofisini kukataa kusema uongo. Mwenyekiti akafunga dirisha.

Kisha akaja karani mpya, kijana mchapakazi. Aliona safu mbili za majina, akaipenda iliyonyooka, akachapa nayo orodha ya benki. Paulo akawa pauro. Alfredi akawa arfredi. Benki ikairudisha orodha nzima, na Mama Leokadia akaja ameshika karatasi iliyoandikwa reokadia.

"Ukoo wangu mmeuharibu miaka yote, nimenyamaza. Leo mmeingilia mpaka mtakatifu?"

Safu ile nimeificha, makarani hawaioni tena. Mama amelipwa kwa jina lake kamili, ila majirani zake kule Nkwenda, nasikia, wamekataa kuliacha lile jipya.