Ami na Mnara wa Chumbe

Mnara wa taa hujengwa ili watu wakae mbali. Ule wa kisiwa cha Chumbe, kusini ya mji wa Unguja, Waingereza waliujenga mwaka 1904 kuwaonya manahodha: huku kuna miamba, geuza! Wenye meli wakatii. Sisi wa nchi kavu ndio tunaolipa nauli ya boti kutoka Mbweni na kuvaa majaketi ya kujiokolea, twende pale pale walipokatazwa wajuzi wa bahari.

Safari aliipanga Ami. Huyu ni mtu ambaye akikaa ghorofani kwake na miwani ikawa chini, hutuma mtoto. Siku hiyo alivaa kanzu ya pasi na kofia ya kazi ya mkono, ya tundu ndogo ndogo, ile inayomshughulisha mshonaji miezi. Chumbe boti haifungwi gatini, unashukia majini. Pasi ya kanzu ikaishia magotini.

Kijana wa kututembeza akaanza maelezo: msitu huu ni hifadhi, humu mna paa nunga, mna na kaa wakubwa wanaofua nazi kwa magando yao. Ami akauliza moja tu: "Ngazi ngapi?"

"Zaidi ya mia na thelathini, mzee."

"Kidogo hizo."

Tulipoanza kupanda, Ami akashikwa na hamu ya elimu. Kila baada ya ngazi chache alisimama, mkono ukutani, akauliza swali. Mawe haya yametoka wapi? Ni mawe ya matumbawe, mzee. Msikiti ule pale chini wa nani? Walijengewa walinzi wa mnara. Na hiyo taa ikiwaka kwa kitu gani? Mwaka 1926 iliwekewa gesi.

"Basi na mimi," akasema Ami, akijikalisha kitako, "gesi imeniishia."

Hapo ndipo waliposhuka wageni wanne kutoka juu. Ngazi ile si ya kupishana na mwili wa Ami. Chini yake alikuwepo shangazi na kikapu cha sambusa, anasukuma: "Kaka'ngu, ama panda ama shuka, chai inapoa!" Mwisho wageni ndio waliorudi nyuma, kinyumenyume, ngazi kwa ngazi, huku wakitabasamu kwa adabu. Ami akafika kileleni akitanguliwa na msafara, kama bwana harusi.

Juu kuna bahari ya rangi ambazo duka la vitambaa halina, na kuna upepo wa kusi. Kusi ikaingia chini ya kanzu, kanzu ikapanda. Ami akaiwahi kwa mikono miwili. Mkono wa tatu wa kushika kofia hakujaaliwa. Ikaruka, ikazunguka, ikatua juu ya vichaka, nyeupe, inaonekana vizuri kabisa. Ami akamtazama kijana.

"Nje ya njia haturuhusiwi kukanyaga, mzee. Hifadhi."

Siku hizi barazani akiulizwa iko wapi ile kofia nzuri, Ami hujibu kwa unyenyekevu kwamba ameitoa wakfu kwa msikiti wa kisiwani. Shangazi akiwa karibu haachi kumalizia:

"Na anayeivaa ana miguu kumi."